Kinyakyusa Uwanjani

Iringa, 9 Februari 1957

Kwako Tata mpendwa,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yake. Mwili wangu mzima, ila moyo haujatulia. Mnaendeleaje huko Ilomba?

Tata, hapa shuleni Wahehe ni wengi, Wabena wapo, na yupo Msangu mmoja wa Madibira. Mnyakyusa ni mimi peke yangu. Mezani wanaongea Kihehe, mimi natazama sahani. Jana nilipitiwa nikasema “ndaga” badala ya asante, bweni zima likacheka. Sasa ndilo jina langu, Ndaga. Naomba uje unichukue.

Mwanao,
Tupokigwe

Ilomba, 25 Februari 1957

Mwanangu Tupokigwe,

Marahaba. Hatujambo, mvua nyingi, mahindi yamesimama vizuri. Barua yako nilimsomea mama yako mara mbili. Mara ya pili akatoka nje. Mtoto wangu hatachekwa kwa lugha ya mama yake. Nitapanda basi, Jumamosi tarehe 16 Machi nitakuwa hapo. Funga vitu vyako.

Baba yako,
Gideoni

Iringa, 13 Machi 1957

Tata!

Shikamoo! Mimi mzima kabisa, naandika mbiombio. Njoo, lakini usinichukue!

Matilda, Mhehe, nahodha wetu wa netiboli, aliniita uwanjani kwa sababu ya urefu wangu. Juzi kwenye mazoezi nikajisahau, nikapaza sauti, “Isaga kuno!” Nikangoja wacheke. Matilda akaushika mpira.

“Umesemaje?”

“Njoo huku.”

“Wale tutakaocheza nao Jumamosi, yupo anayejua lugha hiyo?”

“Sidhani.”

“Basi tufundishe! Kihehe chetu wanakisikia chote.”

Tata, sasa mimi ni mwalimu! Evarista, yule Msangu, anakariri hata akioga. Nao wananifundisha Kihehe, ulimi unagoma, tunacheka wote mpaka tunakaa chini. Ndaga bado wananiita. Naitika nikikimbia!

Mwanao,
Tupokigwe

Ilomba, 19 Machi 1957

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu sana. Nimerudi salama, ni miguu tu imevimba kwa safari. Barua yako ya tarehe 13 nimeikuta huku nyumbani, kwa hiyo inabidi nikuambie kweli. Uliponikimbilia ukasema, “Tata, umekuja kututazama!” niliitikia ndiyo. Sivyo. Nilikuja kukuchukua, na kamba ya kufungia sanduku lako ilikuwa mfukoni mwa koti.

Lakini nilipofika ukingoni mwa uwanja nikasikia wasichana wanapigizana kelele kwa Kinyakyusa, nikadhani basi limenishusha Tukuyu! Natazama nyuso, wewe tu ndiye ninayekujua. Mlipofunga lile la mwisho nilipiga kelele mpaka mwalimu wenu akageuka. Kisha nikaona wanavyokubeba juujuu. Kamba sikuitoa.

Jana nilipoingia mlangoni peke yangu, mama yako akashtuka. “Mtoto umemwacha wapi?”

Nikamwambia, “Nimemwacha kwao.”

Baba yako,
Gideoni