Nimvishe Nani Jezi ya Unahodha?

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nimefika mwisho wa akili zangu, ndiyo maana naomba unisaidie. Mimi ni nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa wavu katika chuo kikuu cha mkoani kwetu, chuo ambacho watu wa mji mkuu hukikumbuka tu tukishawafunga, na mwaka huu namaliza masomo, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Kwetu nahodha hapigiwi kura wala kocha hamteui. Kuna jezi moja ya kijani ya zamani, aliyoivaa nahodha wa kwanza kabisa, kola imechakaa na begani ina kiraka, na nahodha anayeondoka huivua mbele ya chuo kizima akamvisha anayemwachia timu. Siku hiyo tunatembea kwa miguu kutoka hosteli hadi uwanjani, wapishi wa bwaloni wanatoka nje wakigonga masufuria, maktaba inafungua madirisha na wanaosoma wanapiga meza kwa viganja, na ndiyo siku pekee ambayo mkutubi hamwambii mtu anyamaze, halafu nahodha anashika fagio, anaanza yeye kufagia uwanja, wenzake wanafuata. Kila mwaka nikiona hivyo machozi hunitoka, sioni aibu kusema.

Sasa mdogo wangu, wa kunifuata, tumbo moja, yuko timu hiyohiyo. Hakuna kati yetu anayepiga mpira kama yeye, akiruka wapinzani wanarudi nyuma hata kabla hajaupiga, na tangu ajiunge na chuo kila mtu amejua kwamba jezi ni yake. Na mimi nilijua hivyo, mpaka ilipofika fainali.

Siku ya fainali tulikuwa tumebakiza pointi moja tu tubebe kombe. Wapinzani wakapiga mpira mkali, ukatoka nje, mwamuzi akatupa pointi, watu wetu wakamiminika uwanjani, mdogo wangu tayari kabebwa juu juu, lakini kuna mwenzetu mmoja tunamwita Kimya, kazi yake ni kuwainulia mipira wapigaji, yeye alibaki pale kwenye neti ameinua mkono. Mwamuzi akamuuliza kulikoni. Akasema, "Umenigusa kidole kabla haujatoka." Mshauri, hakuna aliyekuwa ameona, hata wapinzani wenyewe. Pointi wakapewa wapinzani, watu wakatolewa uwanjani, mchezo ukaendelea na tukafungwa. Nahodha wao alipita chini ya neti akaja kumshika Kimya mkono, na mashabiki wao wakasimama wote, wakaacha kushangilia kombe lao wakampigia makofi yeye.

Kwenye basi kulikuwa kama msibani. Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Akaniambia, "Nahodha, ningenyamaza, kile kidole ningekikumbuka kila nikishika kijiko." Kocha wetu, mtu mkali ambaye hata salamu zake ni amri, tulipofika alishuka wa kwanza akamshikia Kimya mlango, kisha akampokea begi. Mdogo wangu akapita pembeni akasema kwa sauti, "Katupa kombe letu kwa ajili ya kidole."

Tangu siku hiyo nikiishika ile jezi namwona Kimya, sioni mwingine. Lakini mdogo wangu ameshawaalika marafiki zake waje kumwona akivishwa, na Mama kanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye uliyemfundisha mpira kwenye kamba ya nguo pale nyuma ya nyumba. Leo umpite ukamvishe mtoto wa watu?" Nikamwambia mtandao unakatika. Sherehe iko mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Dada Mtu, mwaka wa mwisho

*

Marahaba, binti yangu.

Jibu umeliandika mwenyewe, halafu umeniletea nilipige muhuri. Haya, nalipiga. Mvishe Kimya. Nimefuatilia michezo ya vyuo muda mrefu na nimeona makombe mengi yamewekwa kwenye makabati ya vioo, lakini msichana aliyelirudisha kombe likiwa tayari mikononi mwa wenzake, sijawahi kumwona. Mnaye mmoja. Mpeni timu.

Pole kwa mzigo ulio nao. Mama yako simlaumu, yeye anatazama watoto wake wawili, na kuitazama timu nzima ni kazi yako wewe. Ila hilo la mtandao kukatika sikulipenda hata kidogo. Na mdogo wako je? Umemwacha aalike watu huku moyoni ukijua. Ulitaka ajue lini, akiwa amesimama katikati ya uwanja anangoja kuvishwa? Hapo ungekuwa umemvunja mbele ya chuo kizima, na hilo asingekusamehe upesi, na mimi ningekuwa upande wake.

Kwa hiyo leo hii, ukimaliza kusoma barua hii, mwite chumbani kwako, ufunge mlango. Usianze kwa kumsifia, atakushtukia. Mwambie, "Jezi sikupi wewe, nampa Kimya," kisha umpe sababu uliyonipa mimi, bila kumsingizia kocha wala mtu mwingine. Akikasirika usiondoke, na wala usimwahidi chochote cha kumpoza. Akikuuliza kama humpendi, mjibu vizuri, maana ndilo swali lake hasa. Akitoka hapo mpigie Mama wewe, kabla yeye hajampigia. Kimya usimwambie kitu, asije akakataa.

Siku ya sherehe mdogo wako akigoma kumkumbatia mwenzake, mwache, asilazimishwe na mtu. Msimu ukianza Kimya atainua mpira juu ya neti na atamtafuta yeye, kwa sababu hakuna mwingine anayepiga vile. Naye, hata akiwa bado amenuna, ataruka.

Mshauri wako