Ufa wa Bao la Baba

Shinyanga mjini, mwisho wa kiangazi

Kaka Juma,

Mimi ndugu yako siku hizi ninafufua wafu. Usimwite mwalimu wa chuoni aje kunisomea, wala usimwambie Mama kwamba Wasukuma wameniroga. Nasema kweli tupu. Kiti kilichokufa kabla Wajerumani hawajafika, chenye miguu miwili na mchwa tumboni, kikipita katika mikono hii kinasimama wima na kudai mtu akikalie. Shinyanga nzima hakuna fundi wa vitu vya kale wa kunishinda, isipokuwa tajiri yangu Mzee Sefu, na yeye amenishinda kwa kutangulia kuzaliwa tu.

Sasa shikamoo. Najua salamu ndiyo inayotangulia, lakini habari yangu ilikuwa kubwa ikaipita mlangoni. Mimi mzima, tena nimenenepa, kanzu niliyotoka nayo Ujiji sasa inanibana kama deni. Shemeji hajambo? Mtoto ameanza kutembea au bado unambeba kama mzigo wa chumvi ya Uvinza? Na Baba, macho yake je? Barua hii msomee kwa sauti pale barazani, na majirani wasikie. Nikifika pa kupunguza sauti nitakuambia.

Kazi yetu ina majira kama kilimo. Masika hakuna kitu. Udongo wa huku ni mweusi, ukinyeshewa unashika gurudumu la lori kama mkwe anayedai ng'ombe wake. Watu wote wako mashambani, hakuna mwenye nafasi ya kuuza kigoda cha babu yake. Gundi ya ngozi nayo haikauki. Mwaka jana nilijitia hodari, nikaunga kasha mvua ikinyesha. Mzee Sefu akasema ngoja, nikamjibu kwamba uzee unamtia woga. Kiangazi kilipoingia mbao zikakauka, kasha likalia pa! likafunguka lenyewe kama mdomo wa Shangazi. Mzee Sefu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Hamisi," akasema, "maneno yako yangekuwa gundi, leo tungekuwa tunajenga ghorofa."

Lakini kiangazi, Kaka, ndiyo sikukuu yetu. Pamba imeuzwa, kila nyumba inataka sufuria mpya na kitanda cha chuma, na vitu vya wazee vinatupwa nyuma kwenye kuku. Hapo ndipo tunapopita sisi na baiskeli zetu. Tunaokota vigoda, ngoma zilizopasuka, vibuyu vya shanga, makasha ya misumari ya shaba yaliyoachwa na wafanyabiashara wa pwani. Tunaunga, tunapaka nta, kisha Mzee Sefu anapakia lori kwenda Geita kwa Wazungu wa migodi ya dhahabu. Watu hao wanafukua ardhi nzima kutafuta kinachong'aa, halafu wananunua kigoda cheusi wakakiweke sebuleni. Mimi sijawaelewa, lakini wali tunakula.

Mwezi uliopita tulifika Samuye, kwa bibi mmoja mwenye kigoda cha miguu mitatu, cheusi kama chungu. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu, "Mwangaluka, mayu!" Akacheka kama nimemwimbia. Nikaona njia imefunguka.

"Bibi, nipe hiki, nikupe beseni jipya lenye maua. Nikikisugua mimi utauona uso wako humo."

"Uso wangu naujua," akasema. "Huo weusi unauona uchafu?"

"Masizi hayo, bibi."

"Hapo ndipo mume wangu alipokaa. Ukipasugua, atakaa wapi?"

Nikacheka. Mzee Sefu hakucheka. Alimuaga bibi kwa adabu, tukaondoka mikono mitupu, na njia nzima aliniacha nyuma na baiskeli yangu. Nikadhani anakasirikia safari ya bure.

Sasa bao la Baba, maana najua ndilo mnalongojea. Unakumbuka nilivyolichukua siku ile ya Idi, ufa umelipasua kutoka mwanzo hadi mwisho, kete zinadondokea mapajani mwa wachezaji. Baba akanishika mkono, akasema, "Ufa tu, mwanangu. Ziba ufa." Najua tangu siku hiyo anachezea mashimo ya kuchimba mchangani, na majirani wanathubutu kumfunga, hao hao aliokuwa akiwafunga kila siku bila hata kuziona nyuso zao.

Nilingoja kiangazi, maana akili nimepata. Mzee Sefu alipokwenda Geita nikaliunga. Ufa umekwisha, Kaka. Utafute hata kwa ukucha, hupati kitu. Lakini mimi Hamisi ni mtu wa kuziba ufa tu? Nikalitazama: shimo la tatu lina pengo ukingoni, la mwisho limeungua kwa kiko cha Babu, lile shimo kuu liitwalo nyumba limelika upande mmoja kwa vidole vya miaka. Nikajaza pengo kwa nta na unga wa mninga. Nikakwangua palipoungua. Nikasawazisha mashimo yote thelathini na mawili kwa patasi na majani ya msasa mpaka yakafanana kama mayai ya kuku mmoja. Nikamalizia kwa mafuta ya nyonyo. Liling'aa! Nikaliweka barazani, nami nikakaa karibu, nisije nikakosa sifa. Mwenye duka la nguo alilizunguka mara mbili, akauliza limetoka nchi gani.

Msalimie Mama, mwambie kitenge chake kipo, nachagua rangi. Msalimie Shangazi mwuza dagaa, na pale penye kasha uruke usimsomee. Mjomba seremala, aliyenifukuza kwa kuvunja patasi yake, mwambie patasi zangu sasa ni nne na zote nzima. Mwalimu wa chuoni mwambie bakora zake zilifanya kazi nusu, hii ndiyo barua yenyewe.

Hapa punguza sauti.

Mzee Sefu alirudi na vumbi la Geita mpaka kwenye kope. Nikampa bao hata maji hajanywa. Hakusifu. Akapitisha vidole shimo baada ya shimo, taratibu, safu zote nne.

"Mwenyewe anaona?"

"Macho yana ukungu, Mzee. Anacheza kwa vidole."

"Sasa atajuaje yuko wapi?"

Nikalichukua bao mikononi mwake.

Nilikaa chini, nikafumba macho, nikashika kete nikacheza. Mzunguko wa kwanza nilikwenda. Wa pili sikujua kama niko safu ya mbele au ya nyuma. Pengo ndilo lililokuwa likimwambia hapa ni pa tatu. Palipoungua palimwambia umefika mwisho, geuka. Nimejaribu kuchonga pengo jipya mahali pale pale, lakini langu lina makali, linakwaruza. La Baba lilikuwa limelainishwa na vidole vyake, na vya Babu kabla yake. Nimeacha, nisije nikaharibu zaidi.

Mtu wa reli anayekuletea barua hii anakuletea na bao, limo ndani ya gunia. Usimpe Baba huku ukiisifu kazi yangu. Kwanza msomee hapa, tena rudisha sauti yako, majirani nao wasikie. Aliniambia ufa tu. Mimi nimelipofua bao lake.

Nduguyo,
Hamisi