Mbuzi Alikuwa wa Rajabu

Lushoto, 26 Januari 2025

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii itakukuta mguu umeacha kuuma na mdogo wangu Sabra amepona mafua. Mimi mzima, ila tunasoma mpaka macho yanawasha. Simu bado haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo nampa dereva Bakari barua hii akipandisha fuso kutoka kushusha kabichi zenu Mombo.

Nina habari mbili. Ya kwanza nimeshindwa kuisema kwa sauti hata kwa rafiki yangu Elinuru tunayekaa naye dawati moja. Katika mtihani wa majaribio nimekuwa wa kwanza kwa Biolojia, shule nzima! Mwalimu Alfred anasema nikishikilia hivi, chuo cha kilimo Morogoro hakinikosi. Chuo kikuu, Bibi! Nitajua kwa nini karoti za kile kipande tunacholima katikati ya miche ya misonobari zinagawanyika miguu kama suruali. Nimeshindwa kulala kwa kuliwaza hilo tu.

Ya pili naiandika polepole. Katika ile ruzuku unayopokea ya mpango wa kunusuru kaya, kuna sehemu inayotoka kwa sababu mimi nasoma. Mwalimu ametueleza kwamba sehemu hiyo inaishia kidato cha sita. Nikimaliza mtihani mwezi wa tano, yangu itakoma, ibaki ya Sabra. Chuoni nitaomba mkopo wa serikali. Tafadhali usikasirike.

Mjukuu wako,
Ilham

*

Shume, 2 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu Ilham,

Marahaba. Mguu umekwenda zake, na Sabra anakula makande kama mpasua mbao. Naandika kwa mkono wangu, sijamwomba mtu. Kisomo cha watu wazima hakikupotea bure.

Habari ya kwanza nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama mlangoni ili majirani wasikie. Marehemu mama yako angekuwepo angepiga vigelegele mpaka Mazinde waulize kuna nini huko mlimani.

Ya pili haikuniingia. Mtoto akiwa darasa la kwanza wanatoa, akiwa sekondari wanatoa, akienda kwenye shule kubwa kuliko zote ndiyo wanaacha? Nani anaupalilia mgomba mpaka utoe mkungu, halafu anatupa jembe? Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Nathanaeli. Akasema, "Bi Mariamu, ndivyo ulivyo utaratibu. Mpango unamfikisha mtoto mlangoni." Nikamwambia, "Na mlango wenyewe uko Morogoro!" Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Haya. Wao wakiacha, Mungu haachi. Kabla ya mwezi mtukufu nitakufanyia dua ya mtihani.

Bibi yako, mke mkubwa

*

Lushoto, 9 Februari 2025

Kwa Bibi,

Shikamoo. Hapa wote wazima, nami nimefurahi kusikia mguu umepona.

Kuhusu dua, nakuomba sana iwe ndogo. Kahawa na tende zinatosha. Naona haya watu wakusanyike kwa ajili yangu na mtihani wenyewe sijaufanya.

Kuna jambo jingine la muhimu. Mwalimu anasema tunapoomba mkopo tutaulizwa kama kaya zetu zimo kwenye mpango, na jambo hilo humsaidia mwombaji. Kwa hiyo jina letu lisitoke kabla sijaomba, na lisitoke kabisa kwa ajili ya Sabra. Nasikia mwaka huu wanapita kuhakiki kaya moja moja. Wakija, waoneshe hali yetu ilivyo.

Mjukuu wako,
Ilham

*

Shume, 23 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba, na salamu za wote, hata za wasiokujua.

Ndogo? Ulitaka tukuombee kwa kunong'ona? Imekuwa dua, mtoto wewe! Sheikh amesoma mpaka akaomba maji. Jirani yetu Dorkasi alileta sufuria zake zile za harusi. Wazee wa usharika wakaleta turubai la kanisani, maana mvua ilikuwa inanuia. Mzee Rajabu wa jirani akaja anamvuta mbuzi, nikamwambia rudi naye, akasema, "Huyu si wako, ni wa Ilham." Jirani Faraji akabeba mchele begani. Wakristo wanapakua, Waislamu wanaitikia amina, na kila mtu anasema mtoto wetu anakwenda chuo kikuu. Sabra amekula mpaka akalala ameshika mfupa.

Na Mungu alivyo na mambo yake, siku hiyohiyo akapita kijana wa wilayani, yule wa kuhakiki kaya. Nikamketisha turubaini kama bwana harusi. Nikamwekea maini. Akauliza, "Bibi, hali ya chakula hapa kwako ikoje?" Sasa mgeni ana sahani mkononi, umwambie nini? Nikamwambia, "Kula baba, hapa hakuna njaa." Akaandika, akaaga. Kijana ana adabu sana.

Bibi yako

*

Lushoto, 9 Machi 2025

Kwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini mnafunga salama.

Bibi! Nimecheka, kisha nikarudia kusoma pale yule kijana alipoandika. Ulimwambia kwamba mbuzi ni wa Rajabu? Ulimwambia kwamba sufuria na turubai vimeazimwa? Yeye haandiki adabu, anaandika alichokiona. Nakuomba uende kwa mwenyekiti mapema.

Mjukuu wako,
Ilham

*

Shume, 16 Machi 2025

Kwa Ilham,

Marahaba. Tunafunga vizuri.

Ulichokiogopa kimekuja. Jina langu limo kati ya yanayopendekezwa kutolewa mpangoni. Mwenyekiti anasema baada ya Idi kutakuwa na mkutano wa kijiji, na mwenye neno asimame aseme.

Nisimame niseme nini? Niseme mimi masikini? Mbele ya watu niliowapakulia pilau wiki tatu zilizopita? Tangu babu yako afariki sijawahi kulitamka neno hilo, hata peke yangu shambani. Siwezi, mwanangu.

Bibi

*

Lushoto, 23 Machi 2025

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi yangu.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Hapa shuleni hakuna anayejua kwamba tumo kwenye mpango. Wenzangu wakizungumzia kwao, mimi hufungua kitabu. Kwa hiyo sikulaumu.

Lakini nimejaribu kukuandalia maneno, ukitaka uyatumie: "Mimi ni mjane. Ninalea wajukuu wawili wasio na mama. Nalima kipande nilichogawiwa msituni, miche ikikua nitaondoka. Siku ile nilikuwa na wageni, sikuwa na mali." Hakuna neno unaloliogopa humo. Nimelikwepa.

Ukishindwa pia, nitakupenda vilevile. Tutatafuta njia nyingine, hata kama sijui ipi.

Mjukuu wako,
Ilham

*

Shume, 13 Aprili 2025

Kwa mke mwenzangu Ilham,

Marahaba, marahaba, marahaba. Najua nimekaa kimya Idi nzima. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hofu. Sasa kaa chini nikusimulie.

Mkutano ulikuwa jana, uwanja wa ofisi ya kijiji. Nathanaeli akasoma majina. Langu likasomwa. Yule kijana wa wilayani akasimama, akasema, "Kaya hii nilifika mwenyewe. Nilikuta mbuzi amechinjwa, turubai, sufuria za kulisha kijiji. Na mwenye nyumba aliniambia hapa hakuna njaa. Tena wana mtoto anayekwenda chuo kikuu. Kuna kaya zinahitaji zaidi."

Watu wakanigeukia. Nikasimama. Maneno yako nilikuwa nimeyakariri yote, hata Sabra ameyajua. Nikafungua mdomo. Halikutoka hata moja! Nikasema, "Habari za asubuhi," nikaketi.

Nikajifunika mtandio. Nikasema moyoni, basi, nimemfungia mtoto njia kwa pilau.

Mara nikasikia sauti ya Dorkasi. "Kijana, zile sufuria ni zangu. Ile kubwa iliyoungua chini, niliiunguza mwenyewe kwenye harusi ya mwanangu Shukrani. Ukitaka kumtoa mtu mpangoni kwa ajili ya sufuria, nitoe mimi, bahati mbaya simo."

Mzee wa usharika akainuka. "Turubai ni la kanisa. Kama ni utajiri, mwandikeni Mchungaji."

Rajabu naye: "Mbuzi alikuwa wangu. Na tangu aliwe nina amani, alikuwa anakula maharage ya kila mtu hapa." Watu wakaitikia, "Kweli! Kweli!" kama wako kwenye kesi ya mbuzi.

Faraji akasema, "Mchele nilileta mimi." Mkewe akadakia kutoka nyuma, "Na sahani tatu alikula mwenyewe, kwa hiyo mchele ulirudi nyumbani!"

Uwanja mzima ukalipuka. Hata kijana wa wilaya alicheka. Kisha akajikaza, akauliza, "Sawa. Sufuria za huyu, mbuzi wa yule. Sasa Bibi mwenyewe alitoa nini?"

Nikaona sasa ndipo watalitamka lile neno. Dorkasi akamtazama yule kijana kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. Akasema, "Alitoa mtoto."

Basi. Kijana akainama, akakata alichokuwa ameandika, akaandika kingine. Nathanaeli akauliza, "Kaya ya Bi Mariamu ibaki?" Mikono ikapanda, hata ya watoto wasio na haki ya kupiga kura.

Jina limebaki. Ya Sabra inaendelea. Yako itakoma ukimaliza, nami sasa sina kinyongo. Iende kwa mwenye mtoto mdogo. Imekufikisha.

Soma sasa. Soma!

Bibi yako, mke mkubwa

*

Lushoto, 17 Aprili 2025

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo Bibi, na kwa niaba yangu wape shikamoo Mama Dorkasi na Mzee Rajabu. Barua yako niliisomea nyuma ya jiko la shule, nikacheka na kulia hadi mpishi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mbuzi.

Sasa sikiliza na mimi. Jana Mwalimu Alfred aliingia darasani akasema, "Mnaotoka kaya zilizo kwenye mpango, nataka majina yenu. Tuanze kukusanya vielelezo vya mkopo mapema, tusije tukahangaika. Asiyetaka kusimama anifuate ofisini baadaye."

Ofisini baadaye ndiko kulikonifaa, Bibi, unanijua. Nilishapanga hata njia ya kupita. Lakini nikamfikiria Dorkasi na sufuria yake iliyoungua, na miguu ikanyanyuka yenyewe. Nikasema, "Ilham, wa Bi Mariamu, Shume," na sauti ikatoka kubwa mpaka nikashtuka kama imetoka kwa mtu mwingine.

Kisha dawati letu likatikisika. Elinuru alikuwa amesimama kando yangu. Miaka miwili dawati moja, Bibi! Nikamnong'oneza, "Mbona hukuniambia?" Akajibu, "Na wewe je, shoga?" Tukaanza kucheka wote wawili, tumesimama palepale, na nyuma yetu nikasikia viti vinasogea, kimoja, kisha kingine, kisha vingi.

Mwalimu aliandika hadi kile kikaratasi chake kikajaa. Akakitazama, akachukua chaki, akaendelea na majina ubaoni. Mwalimu wa Kemia alipoingia hakuyafuta. Alifundishia pembeni, na majina yetu yakakaa pale juu, makubwa, kipindi kizima.

Mjukuu wako,
Ilham