Anayebishana na Binti Yako

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Mimi sijambo, ila kidole kimoja ninachochapia kinalalamika. Nimefunga umeme kwenye nyumba za watu maisha yangu yote, leo simu ndiyo inanitoa jasho.

Mama yako si mzima. Ule uvimbe wa saratani umefika kwenye mifupa, na daktari ametuambia wazi kwamba hautaondoka. Hilo tumelipokea. Lisilopokeleka ni maumivu. Anapewa vidonge vile vile vya kichwa. Nikimgeuza kitandani anauma shuka, ati majirani wasimsikie. Nimemuuliza daktari kuhusu ile mofini ya maji, dawa ya maumivu unayoandika habari zake siku zote. Kanijibu, "Mzee, ile ataizoea, tena inaweza kumkata pumzi." Nifanye nini?

Baba yako

7 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kazini, nikafunga mlango nikalia. Mpe Mama pole nyingi, na wewe pole ya kuuguza.

Mofini ikianzwa kidogo na kupandishwa polepole, haimkati mtu pumzi wala haimfanyi teja. Hilo ndilo nililolichunguza kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Makala yenyewe nimekutumia, mpelekee daktari.

Ningepanda ndege leo, ila mkataba wangu unajadiliwa mwezi ujao. Kamati ya chuo haiulizi umemtuliza nani. Inauliza watafiti wangapi wamezinukuu makala zako, na wanaozinukuu zangu ni wa kuhesabika. Nikiondoka sasa, kazi sina.

Binti yako

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunavuta siku.

Kama shida ni kutajwa, mimi nakutaja kila siku: kwa kinyozi, dukani, kwenye foleni ya maji. Waambie na mimi wanihesabu.

Daktari ameisoma makala mbele yangu, miwani imemshuka puani. Alipomaliza akasema, "Binti yako kaandika vizuri, mzee. Lakini huyu ni shahidi mmoja. Nani mwingine kaona alichokiona?"

Nusura nimtolee maneno. Njiani nikatulia. Hata mimi, nikishafunga umeme, mkaguzi alikuwa akija kupima upya, na sikumnunia. Basi niambie, nani mwingine kaona?

Mama yako anakusalimu. Kasema kama unakuja kumlilia, bora ubaki huko huko.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Daktari ana haki ya kuuliza. Nimekutumia makala za waliorudia uchunguzi wangu kwenye hospitali zao wakaona yale yale. Ni wachache, lakini ni watu wa kazi.

Yule wa mwisho nimesita kumtia. Kaninukuu kuliko wote, na kila akininukuu ananikosoa: ati kipimo changu cha dawa cha kuanzia ni kikubwa kwa wazee wenye figo dhaifu, kwa kuwa hao sikuwachunguza. Tulipokutana mkutanoni hata mkono sikumpa. Lakini daktari na aone pande zote.

Binti yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Mbona kimya? Napiga simu hampatikani. Niandikie hata neno moja. Hata kama ni lile ninaloliogopa.

Binti yako

4 Aprili

Mwanangu,

Mama yako ni mzima wa kusema na kugomba. Naanza na hilo ili upumue. Simu iliingia maji, na fundi kairudisha leo.

Tulilazwa. Daktari alisoma zote, kisha akapima damu, kumbe figo za mama yako zimechoka. Akaniita pembeni. "Mzee, huyu anayebishana na binti yako ndiye atakayetufaa. Bila ubishi wao nisingethubutu."

Akaanza na kipimo cha huyo mpinzani wako, kidogo, tena kwa kuachanisha masaa. Nikakaa kando ya kitanda naangalia kifua kikipanda na kushuka. Mama yako akafumbua macho: "Unanikodolea nini, mimi sinema?" Halafu akajigeuza mwenyewe upande wa ukutani, bila sauti, bila kukunja uso, akalala. Nilitoka nikaenda koridoni nikalia kama mtoto mdogo.

Sasa tuko nyumbani na chupa yetu ya dawa. Wodini wameanza kuwapa na wengine.

Mshukuru yule mtu.

Baba yako

15 Aprili

Baba na Mama,

Shikamooni. Nimemwandikia. Nilimweleza kwamba kipimo chake kimemlaza mama yangu usingizi. Kajibu siku ile ile: nisingetangulia mimi, yeye asingekuwa na cha kukosoa. Anataka tuandike pamoja kuhusu wenye figo dhaifu. Nimekubali.

Kamati nayo iliniuliza, "Mbona anayekunukuu zaidi ndiye anayekupinga?" Nikawasimulia yaliyotokea wodini. Mkataba wameuongeza. Nilipofika nje nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Nafika Jumamosi.

Binti yako

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hongera, tena hongera. Leo naandika mimi mwenyewe, mama yako.

Ugonjwa upo, tusidanganyane, na unanipeleka wapi najua. Lakini nakaa dirishani, nakula kidogo, na jana nimeongea mpaka baba yako kaomba poo. Ukija usinipime wala usinihoji kama wagonjwa wako. Njoo tupige soga.

Yeye angekuandikia, ila amelala kitini mchana kweupe, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga. Tangu niugue hajafumba jicho sawasawa. Mlango nimeufunga, redio nimeizima. Simwamshi.

Mama yako