Kwa Nini Mama Yangu Hana Kichwa Pichani

Mjukuu wangu Atiang,

Nakusalimu kutoka Nakuru. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Magunia ninayobeba hayajui kwamba nimezeeka. Nimesikia ng'ombe wa bibi yako amezaa, nimefurahi.

Umeuliza kwa nini mama yangu hana kichwa katika ile picha. Nitakueleza, ingawa hasira inanipanda tena.

Miaka ya sitini nilipakia malori Malaba. Mama alikuja kwa miguu kutoka Amukura, amevaa gauni la kanisa, apigwe picha yake ya kwanza. Mpiga picha alikuwa na kamera kubwa ya mbao, yenye mfuko mweusi unaokunjwa kama kinanda cha kuvuta. Alikuwa ameurefusha kwa tyubu ya lori ili apige nyuso kwa karibu. Mpira ule ulikuwa mzito, ukalegea, na upande wake wa chini ukajikunja kuelekea ndani. Ndani ya kamera mtu huonekana kichwa chini, kwa hiyo mkunjo huo wa chini ulifunika kichwa.

Mama alipopewa picha aliuliza, "Huyu mbona amenichinja?"

"Niliona giza kidogo kwenye kioo cha kamera," mpiga picha akajibu, "lakini foleni ilikuwa ndefu, mama. Rudi siku nyingine."

Aliona, na bado akapiga. Mama aliugua, hakurudi Malaba tena.

Wewe ukibadilisha kitu, kijaribu kwanza kwa kichwa chako mwenyewe. Na usimchoree uso kama ulivyosema. Huo utakuwa uongo wa pili. Tazama mikono yake. Hiyo mpiga picha hakuiharibu, na ndiyo iliyonilea.

Babu yako