Nguzo ya Ishirini na Tatu

Uvira, Kavimvira
Mwezi wa kumi na moja

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima yote. Natumaini kifua kimekuachia, na baridi ya Lemera haikuzuii tena kwenda Misa. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala kidogo. Mama mkwe Pudentienne anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua lakini ulimi ni mzima. Mwanawe Patient bado yuko Kalemie. Alisema boti zikianza tena kusafiri atarudi, na tusihame nyumba, asije akatukosa.

Uliuliza kwa nini naomba mbao kwa haraka hivi. Juzi watu wenye silaha waliingia kwa jirani yetu Ernestine. Waliupasua ua wake wa matete kama mtu anayefungua pazia. Ernestine yuko hai, namshukuru Mungu, ila tangu siku ile ukimwita haitiki. Ua wetu ni wa matete yale yale. Siku hizi mbwa wa mtaa wakibweka ninapata usingizi. Wakinyamaza ghafla, ninakaa kitandani nikishika viatu.

Kwa hiyo nimepima. Mwambie kaka Gaspard, kabla hajakata mikaratusi yetu, kwamba upande mmoja tunaegemea ukuta wa matofali wa jirani, na pande tatu zilizobaki ni mita arobaini na mbili. Nguzo moja kila mita mbili: ishirini na moja, na moja ya kufungia mwisho, ishirini na mbili. Najua atataka kuisahau hiyo ya mwisho. Ziwe ndefu kunipita mimi nikiinua mkono, maana sehemu itaingia ardhini, na tutaipaka mafuta machafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Mbao za kusimama ni mia mbili na themanini, na kumi za ziada kwa zitakazopasuka. Nilitaka zibanane, mtu asichungulie. Fundi Nsengiyumva alisema zibanane tu, mbao mbichi zikikauka zitaachana zenyewe, nasi tutaona nani yuko nje.

Halafu fundi huyo aliniuliza jambo, akitazama chini kama mtu anayeulizia ugonjwa wa mwenzake. Aliuliza kama nimeshachagua mahali. Sikuelewa. Akanieleza kwamba kila ua anaojenga mtaani humu una mbao ambazo yeye hazipigilii. Mwenye nyumba anazitundika mwenyewe kwa msumari wa juu, fundi akiisha kwenda nyumbani, ili usiku wa kukimbia zisukumwe na watu wapite. Hataki kujua ni zipi.

“Wakinishika wakiniuliza,” alisema, “nisiwe na la kujibu.”

Nimechagua upande wa mlima, nyuma ya jiko. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Jana nilisimamisha vipande viwili vya mbao kando ya jiko nijaribu upana. Nafasi ya mbao mbili ilitosha. Nilipita kiubavu, nimezuia pumzi. Mama mkwe alikuwa anachagua ndagala, akacheka kwamba masomo yote yale yamenifikisha kuwa samaki mdogo wa kupita kwenye wavu. Nikamwambia zamu yake. Hakuinuka. Alisema yeye na magoti haya haendi popote. Siku wakija atabaki kuwafungulia mlango, na atawachelewesha, wakute mzee anatafuta kandambili zake moja baada ya nyingine. Alisema hivyo akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Kisha akaacha ndagala, akanitazama tumboni.

“Weye, mutoto wa masomo,” alisema, “unapima mwili wa leo. Mwezi wa ine utapitia wapi?”

Mama, nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Hata Patient hajui. Niliona kwamba nikinyamaza, hofu itabaki kwangu peke yangu, isimfikie mtoto. Mtoto atakuja mwezi wa tano, Mungu akipenda. Sasa umejua, na najua utasema nipande Lemera. Lakini barabarani mbao zinapita. Mwanamke anasimamishwa anaulizwa anakwenda wapi na kwa nani. Na yule mzee wa kandambili sitamwacha.

Basi nimepima upya, nikiwa nimefunga mto tumboni kwa kitenge. Mama mkwe ndiye aliyeukaza. Zinahitajika mbao nne. Na ule mti wa kulala wa chini, unaoshika mbao usawa wa magoti, lazima ukatwe pale, maana sitaweza kuinua mguu kuuruka, na mama mkwe pia hawezi. Nimemwambia atapita mbele yangu, akanuna, lakini hakukataa. Ukikatwa, unahitaji nguzo ya kuushikilia. Kwa hiyo nguzo ziwe ishirini na tatu.

Karatasi hii ibaki kwako. Kaka mpe hesabu kwa mdomo, Marcellin apakie mbao kwenye lori lake akija na mihogo. Gaspard akiuliza nguzo ya ishirini na tatu ni ya nini, atacheka kwamba mwalimu wa hesabu ameshindwa kuhesabu miti. Mwache acheke. Mwambie ndiyo, Josée alikosea.

Wasalimie wote wa nyumbani, na utuombee, sisi watatu.

Ni mimi binti yako,
Josée