Munira Hataki Mume wa Kilo Sabini na Tisa

Bi Hayat, shikamoo. Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba tangu mwezi uliopita mie na chapati tumeachana rasmi, kwa talaka tatu, na anayelia siyo mie wala siyo chapati, ni mke wangu Munira, ndiyo maana nakuandikia, nisaidie mama yangu kabla nyumba haijavunjika.

Mie ni bondia hapa Temeke, miaka sita nimepigana uzito wa juu na kusema ukweli nimepigwa kuliko nilivyopiga, maana wenzangu wana kilo mia na kitu na mie nilikuwa na tisini na mbili, nyingi za tumbo, mpaka kocha Benjamin akaniambia, "Wewe siyo mzito, wewe ni mnene," akanishusha laiti hevi, ambako mtu hatakiwi kuzidi kilo sabini na tisa na ushee. Kati ya hizo mbili kuna kruza, ila huku kwetu kruza haina bondia hata mmoja. Jumamosi ijayo nagombea mkanda, na kwa mara ya kwanza bango lina sura yangu, zamani nilikuwaga kwenye "na wengineo". Mizani ya klabu ilishakufa, kwa hiyo najipima kwa Mzee Matar anayenunua vyuma chakavu jirani, nasubiri amalize nondo za watu napanda mie, na jana nimesoma sabini na tisa kamili.

Sasa mama mkwe, Bi Mwajabu, alikuja kututembelea kutoka Kurasini, nikatoka na fulana yangu ya siku zote, akaniangalia shingo akaanza kulia, akamuuliza mwanawe naumwa tangu lini na kwa nini nyumbani wamefichwa. Tangu siku hiyo Munira anatia nazi kwenye kila kitu, nikikataa ananuna, nikila inabidi nikakimbie na koti la mvua juani mpaka majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Juzi kafunga nguo zake, akasimama mlangoni akasema, "Chagua, mkanda au sahani yangu. Mie sitaki kuitwa mwanamke aliyemkausha mume." Kaenda kwa mama yake. Nikirudi uzito wa juu napigwa, nikibaki huku nalala peke yangu, nifanye nini?

Jabiri, Temeke

Marahaba, Jabiri. Pole, ila pole yenyewe ni ndogo, nyingine nampa Munira.

Kwa ukoo wa mkeo mashavu ya mume ndiyo cheti cha mke, unalijua hilo, maana siku ya harusi bila shaka ulikula kwao mpaka ukafunguliwa kifungo. Leo unasukuma sahani bila maelezo. Habari ya laiti hevi umemwambia kocha, umemwambia mnunua vyuma, umeniambia mie usiyenijua hata sura. Mkeo kaambiwa na ubwabwa uliobaki. Na hiyo fulana ya enzi za kilo tisini na mbili inakuning'inia kama pazia, mama wa watu alie asilie?

Nenda Kurasini leo, na shati linalokukaa. Mwambie mama mkwe kwa mdomo wako kwamba huumwi, ni kazi, na ina tarehe ya mwisho. Munira mpe jiko lote: samaki wa kuchemsha, mchicha, nazi ipumzike mpaka pambano liishe. Awepo siku ya kupima uzito, asimame mbele, watu wajue aliyekufikisha hapo ni yeye. Mkanda ukipatikana apike pilau ya mtaa mzima, na wewe ule mpaka Bi Mwajabu aseme basi.

Ila kabla ya Kurasini pita zahanati yoyote upande mizani yao. Miaka ishirini nimeishi nyuma ya wanunua vyuma chakavu na sijaona mizani yao ikimpendelea muuzaji. Asubuhi hii nimekodi mkokoteni, nikapeleka kwa Mzee Matar mfuko wa saruji wa kilo hamsini, haujafunguliwa. Ukasoma arobaini na sita. Nikamuuliza, akanijibu bila hata kuacha kahawa yake, "Hiyo ya kununulia, bibie. Ya kuuzia iko ndani."

Nimekupigia hesabu. Una kilo themanini na sita.